Habari ya Vita vya Sephora Mbombo na Kope Zake Mwenyewe

Sogeeni, enyi mnaopasua chokaa kule Kakontwe hata nyusi zenu zikawa nyeupe kabla ya uzee. Sogeeni nanyi mnaokausha samaki kandokando ya ziwa la Tshangalele. Nanyi wauza mikate, waendesha pikipiki, mafundi wa redio, walinzi wa mageti na mama zetu wa vikundi vya maombi, wekeni chini mizigo yenu na mtege masikio. Mmekwisha kusimuliwa habari za wafalme waliovuka mito na majemadari walioteketeza miji, nanyi mkatoa machozi kwa ajili ya watu msiowajua. Walakini habari ya Sephora Mbombo, mke wa Eddy Kabamba, mama yake Bénie, aliyepigana tangu asubuhi hata alasiri na adui asiyezidi upana wa ukucha, hiyo hamjaisikia kwa heshima inayoistahili. Leo itanenwa, na inenwe yote.

Huyu Sephora alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa mwili, mwenye sauti iliyofika madawati ya nyuma pasipo kupandishwa. Alikuwa na licence ya kemia, shahada aliyoihangaikia Lubumbashi hata ikamwachia, na kwa miaka kadhaa alikuwa akifundisha kemia katika shule moja ya sekondari hapo Likasi. Si kama mwalimu kamili, bali kama mtu wa kuziba pengo, anayeitwa pengo linapotokea na kusahauliwa linapofikiriwa kuzibwa. Maabara hakuwa nayo. Alikuwa na ndimu, magadi, vipande vya mawe ya shaba, misumari yenye kutu na chupa za plastiki zilizokatwa shingo, na kwa silaha hizo aliwafanya wana wa wachimbaji waone kwa macho yao chuma kikivaa koti la shaba, wakapiga kelele darasani kana kwamba mpira umeingia wavuni.

Ndipo mkuu wa shule, ambaye kwetu huitwa prefe, alipomwita ofisini, akamkaribisha kiti, na mtu akikaribishwa kiti katika ofisi ile hujua mambo ni mazito.

“Madame Sephora,” akanena, “batoto banakupenda, na minye naipenda kazi yako. Lakini inspecteur amesema: kemia ya madarasa ya juu ni ya mwalimu mwenye agrégation. Kama unaandikishwa mwaka huu, hii nafasi nitakuchungia. Kama hapana, nitaipatia mwingine, na nitaumia, lakini nitaipatia.”

Agrégation! Jina kavu kama chaki, nalo ni mafunzo ya ualimu kwa wale waliokwisha kupata shahada, yatolewayo na chuo kikuu kimoja cha Kikristo kilichosimama juu ya kilima, chenye kuta za matofali mekundu na msalaba uonekanao tangu barabara kuu. Na mlangoni pa ngome hiyo masharti ya kuingia yalikuwa yamebandikwa, moja chini ya jingine, kama askari waliopangwa safu wakisubiri amri.

Sephora aliwakabili askari hao mmoja baada ya mwingine, na wote wakaanguka. Ilianguka nakala ya diploma yenye muhuri wa komini, ofisi ya serikali ya mtaa, baada ya kuvizia kwa muda mrefu karani ambaye muhuri alikuwa nao ila wino hakuwa nao. Kilianguka cheti cha daktari, kilichoshuhudia kwamba mapafu yake ni mazima na anaweza kumeza vumbi la chaki. Ilianguka barua ya mchungaji yenye kuthibitisha kwamba yeye ni mtu wa kanisa, ingawa Mchungaji aliiombea kwanza kalamu, kisha karatasi, kisha mkono utakaoandika, hata mkono wenyewe ukafa ganzi. Ulianguka na usaili mbele ya kasisi wa chuo. Huyo alimuuliza kwa nini anataka kufundisha. Akamjibu, “Kwa sababu mtoto akielewa kitu mbele yangu, minye pia nakielewa tena upya,” naye kasisi akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Likabaki sharti moja, dogo kuliko yote, lililojikunja mwishoni mwa safu kama kibeti asiye na mkuki: picha za pasipoti, nyuma rangi nyekundu, masikio nje, mdomo umefungwa, macho wazi.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya kuandikishwa, shujaa wetu alipanda kilima, bahasha kifuani. Nyuma ya dirisha la ofisi aliketi Mama Émilienne, mlinda lango, mwanamke mtulivu mwenye miwani puani na miwani nyingine kichwani. Akafungua bahasha, akazipitisha hati polepole, akitikisa kichwa kwa kila moja kama jemadari akaguaye mateka. Akafika kwenye picha. Akakwama hapo. Akavua miwani ya puani, akaishusha ile ya kichwani.

“Mama,” akasema, “huyu mu photo, analala?”

“Hapana, mama. Njo minye.”

“Naona njo weye. Nauliza kama unalala.” Akaigeuza picha, na kweli, mle ndani alikuwamo Sephora amefumba macho kwa amani kuu. “Sheria inasema macho wazi. Hapa kwetu tunaomba, mama! Tunaomba asubuhi, tunaomba mbele ya chakula, tunaomba mbele ya mutihani na kisha mutihani. Lakini mu photo, muntu anaangalia. Kama naacha hii ipite, recteur, mukubwa wa chuo, ataniita: Émilienne, huyu mwalimu anafundisha akiwa mu usingizi? Nitamujibu nini?”

“Nikileta ingine leo, mutaipokea?”

“Leo, ndiyo. Saa tisa nafunga hii dirisha. Ikishafungwa, ni mwaka unaokuja, Bwana akitupatia uzima.”

Hapa yapasa ielezwe asili ya adui. Tangu siku alipozaliwa Sephora, hakuna kamera iliyowahi kuziona mboni zake. Katika picha ya darasa la kwanza amefumba. Katika picha ya ubatizo, akiwa ameloa maji mpaka nywele, amefumba. Siku ya arusi yake, kando ya Eddy aliyekodoa macho kwa furaha na viatu vya kubana, amefumba. Na siku ya kupokea shahada amefumba chini ya kofia yenye kishada. Mwangaza ulipommulika tu, kope zake zilianguka kama mlango wa chuma wa duka mgambo wanapokuja. Kanisani walikuwa wakizitazama picha hizo kwa unyenyekevu. “Angalia,” walinong’ona, “hata mbele ya kamera eko anaomba,” na kwa ushahidi huo wakamchagua kiongozi wa waombezi pasipo kumuuliza. Alikuwa amelicheka jambo hilo maisha yake yote. Lakini alipokuwa akiteremka kilima asubuhi ile, bahasha imerudi mkononi, hakucheka. Aliwaza juu ya mtu mwingine akisimama mbele ya madawati yake na kuwaambia watoto wanakili ubaoni, basi, pasipo ndimu wala msumari.

Akaelekea moja kwa moja studio ya Divin, kando ya soko. Divin! Mnasa nyuso, mfalme wa pazia jekundu, aliyewapiga picha maharusi, maiti na wagombea wa uchaguzi, na wote wakatoka wakionekana wana tumaini.

“Yaya Sephora, keti,” akanena Divin, kwani yaya kwetu ni dada mkubwa, akikunja mikono ya shati. “Minye nilishapiga photo ya mbuzi ikikimbia. Nilishapiga mutoto muchanga akipiga chafya. Nilishapiga askari akicheka, na ile ni ngumu kupita yote. Hii macho yako miwili, itanishinda namna gani?”

Taa ikalipuka. Kope zikaanguka.

Ikalipuka tena, zikaanguka tena. Divin akatumia hila: akasema atahesabu mpaka tatu, akapiga kwenye mbili, lakini kope za Sephora zilikuwa na masikio yake zenyewe, zikaanguka kwenye moja. Akamwambia afumbe kwanza, kisha afumbue kwa ishara. Akafumbua, taa ikawa imekwisha kupita, na picha ikamwonyesha mwanamke anayeanza kuamka. Akamwambia azishike kope kwa vidole. Macho yakatokea, lakini pamoja na vidole, na sura nzima ikawa ya mtu aliyeshuhudia ajali. Mwisho, kwa kukata tamaa, akazibandika juu kwa utepe wa gundi. Akachungulia kamera yake kwa muda mrefu, kisha akaishusha.

“Yaya, hii siwezi kuitoa,” akasema kwa upole. “Hii itaogopesha hata recteur.”

Habari za vita hazikai mahali pamoja. Hata kabla utepe haujabanduliwa, pikipiki ilinguruma nje, akaingia Eddy Kabamba, muuza vipuri, mpenzi wa mkewe, mwenye grisi mpaka kwenye kiwiko. Na nyuma yake, akishuka pikipiki kwa kugumia na kujishika kiuno, akaingia mama yake, Mama Gertrude. Na huyu Mama Gertrude, mabibi na mabwana, hakuwa mtu wa kuingia mahali kimya. Alikuwa mnara wa maombi katika mtaa wao. Mapepo ya kata tatu yalikuwa yakimfahamu kwa jina.

“Mukamwana wangu,” akanguruma, “hii haiko macho. Hii ni roho! Roho ya usingizi, iliyotumwa juu ya elimu! Minye Gertrude, nilishafukuza roho ya ulevi, nilishafukuza roho ya madeni, nilishafukuza roho iliyokuwa inakaa ndani ya friji ya jirani. Leo na hii itatoka, na itatoka kwa mbio! Tufunge macho, tuombe.”

Wote wakafumba macho: Eddy akafumba, Divin akafumba huku kidole kikiwa bado kwenye kamera, na Sephora, ambaye katika jambo hilo hakuwahi kuhitaji mafunzo, akafumba. Mama Gertrude akaomba kwa sauti iliyowanyamazisha wauza nyanya wa upande wa pili wa barabara. Na alipofika penye “Toka!” akapiga mguu chini, Divin akashtuka, kidole kikabonyeza, taa ikalipuka. Walipoitazama picha hiyo walikuta watu wote wamefumba macho, isipokuwa Mama Gertrude mwenyewe.

“Nilikuwa nachunga kama inatoka,” akasema.

Wakati huohuo umeme ulikatika. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Mashine ya kutolea picha ikatoa mlio mdogo wa kuaga dunia. Taa kubwa nyeupe ya Divin, iliyokuwa silaha yao ya pekee, ikawa mwavuli tu.

Sephora akabaki kwenye kile kiti kisicho na mgongo, mikono mapajani, alama za utepe zikiwa bado juu ya nyusi. Hakulia. Lakini Eddy, aliyemjua, alimwona akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake.

“Papa Bénie,” akasema kwa sauti ndogo, “labda Mungu anasema nibaki mu nyumba. Nilipita komini, nilipita daktari, nilipita kasisi. Sasa nashindwa na kitu hata mutoto muchanga anaweza. Kufungua macho tu.”

Eddy akachuchumaa mbele yake. Hakuwa msemaji, biashara yake ilikuwa ya minyororo na plagi, na vitu hivyo havihitaji maneno mazuri. Walakini siku hiyo ulimi wake ulifunguliwa.

“Mama Bénie, sikia. Mungu akitaka kukuambia kitu, atakuambia ku masikio. Hatakutumia photo. Ile mwaka Bénie alikuwa mugonjwa, madaktari walisema anaweza kufwa, minye nililala chini kama gunia. Weye ulimuangalia mpaka homa ikashuka. Haukufunga macho hata kidogo. Kwa hiyo usiniambie haujui kuyafungua. Simama. Inje kuko jua, na jua haina bouton ya kubonyeza.”

Basi wakatoka, jeshi lile dogo, wakilibeba pazia jekundu kama bendera, wakalitundika ukutani kwa misumari. Wakamweka Sephora mbele yake, masikio nje, mdomo umefungwa. Lakini jua la Likasi nalo lilikuwa na kiburi chake. Likampiga usoni, macho yakawa nyufa mbili. Wakamgeuza. Lori la mawe ya madini likapita, likamwaga wingu la vumbi jekundu hata ikawa haijulikani pazia linaishia wapi na mtu anaanzia wapi. Wakampangusa. Lori jingine likaja. Divin akatukana, kisha akaomba radhi kwa Mama Gertrude. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimekwisha kugeukia upande wa alasiri, na Eddy hakuacha kuitazama simu yake.

Kando ya mlango, juu ya kreti la soda, alikuwa ameketi kijana mwanamume, mchimbaji aitwaye Dan, mwenye mabega mapana na suti ya kuazima isiyofika vifundoni, akingoja zamu yake ya kupigwa picha ya uchumba. Mama Gertrude, aliyechoshwa na vita, akaketi karibu naye akijishika kiuno.

“Mugongo, mama?” akauliza Dan kwa adabu.

“Mugongo, mutoto wangu. Tangu mvua zianze.”

“Mama, hiyo ni kitu kidogo sana.” Dan akakaa vizuri, akajawa na ukarimu wa mtu mwenye habari njema. “Minye natoka upande wa Shinkolobwe, kule kwenye mugodi walifunga. Kuna jiwe kule, nyeusi, zito, iko na rangi ya manjano kama unga pembeni. Ile jiwe ni dawa. Mama yangu alikuwa hawezi hata kuinama. Nikamuletea moja, nikaiweka chini ya muto wake. Inatoa joto yake yenyewe, mama, bila moto! Sasa analala nayo kila siku. Nitakuletea na weye yako, bule, juu ya heshima.”

Sephora alisikia.

Enyi wasikilizaji, hapa ndipo kalamu za waandishi wa kale zingetetemeka. Maana kuna mtazamo ambao hakuna chuo kinachoufundisha, ila kila aliyewahi kukaa kwenye dawati anaujua: mtazamo wa mwalimu aliyesikia kutoka nyuma ya darasa jambo la uongo ambalo litamuumiza mtu. Hauna kelele. Kichwa hugeuka polepole, mdomo hufungwa kwa sababu maneno yanapangwa kwanza, na macho hufumbuka. Hufumbuka yote mawili, mapana, meusi, yasiyopepesa, na mbele yake kalamu huanguka na wanaocheka huacha kucheka. Mtazamo huo ukamtoka Sephora Mbombo, ukapita juu ya kamera iliyokuwa kati yake na mlango, ukamfikia Dan, na Dan, mvunja miamba, akasimama kutoka kwenye kreti pasipo kujua kwa nini.

Divin, kwa uchawi wa kazi yake, akabonyeza.

“Nimeipata!” akapiga kelele. “Yaya, nimeipata! Macho iko wazi! Iko wazi kupita lazima!”

“Haya, twende!” akalia Eddy, akirukia pikipiki. “Saa inaisha! Mama Bénie, panda!”

Lakini Sephora hakupanda. Alikwisha kuliacha pazia akaenda kusimama mbele ya Dan.

“Ile jiwe iko wapi sasa hivi?”

“Mu kitanda ya mama, madame.” Hakuna aliyemwambia Dan kwamba huyu ni mwalimu.

“Mama Bénie!” akalia Eddy. “Dirisha!”

“Dirisha lingoje,” akasema Sephora, na sauti yake ikafika mpaka wauza nyanya. “Dan, keti. Nisikie vizuri. Ile jiwe haiko dawa. Iko na kitu ndani kinachopasuka chenyewe, kila wakati, kidogo kidogo, na kikipasuka kinatoa miale. Miale hauioni. Haina harufu, haina sauti. Inaingia mu ngozi, inaingia mu mufupa, inaharibu damu. Pole pole. Ndiyo sababu unafikiri haifanyi kitu.”

“Lakini joto, madame? Mama anasikia joto.”

“Joto ni ya blanketi.”

Hakuna aliyecheka, hata Divin.

“Sasa nirudilie: utafanya nini?” Sephora akamuuliza, maana mwalimu haamini neno limeingia mpaka lirudi.

“Nitaitosha mu kitanda.”

“Kwa mukono?”

“Hapana… kwa kijiko kubwa? Kwa mupini mrefu?”

“Kwa beleshi, mbali na mwili. Unaitia mu ndoo. Ndoo unaipeleka mbali na nyumba, mbali na maji, mbali na fasi batoto banacheza. Unanawa mikono na sabuni. Shuka mnazifua. Kisha unamupeleka mama ku hopitali, unamwambia daktari kila kitu, bila aibu, na unamuuliza ni nani anapaswa kuja kuchukua ile ndoo. Umesikia?”

Dan akayarudia yote, neno kwa neno, jasho likimtiririka ndani ya suti ya kuazima. Alipomaliza hakungoja picha yake ya uchumba. Alikimbia. Suruali fupi, viatu vilivyong’arishwa, alikimbia barabarani katikati ya vumbi la malori akielekea kwao, na wapita njia wakampisha.

Mama Gertrude akashusha pumzi. “Na minye nilikuwa nitaikubali,” akasema taratibu. “Bule tena.”

Bado vita havikuwa vimekwisha, kwa kuwa picha iliyo tumboni mwa kamera haibandikwi kwenye faili, na umeme ulikuwa haujarudi. Mlango wa tatu kutoka studio palikuwa na saluni ya Shekina, msuka nywele hodari, naye alikuwa na jenereta ndogo iliyonguruma nyuma ya nyumba ikiwakausha nywele wateja wake. Divin akaingia pale, mashine yake begani, akasema maneno machache na kuonyesha kilima kwa kidole. Shekina akawatazama wanawake waliokuwa chini ya vikausha nywele.

“Bamama,” akasema, “kuko mwanamuke anataka kuingia université, na bado kidogo bafunge. Tumupatie courant?”

Mmoja alikuwa anakwenda arusini jioni ile, nusu ya kichwa chake ikiwa bado na maji. Ndiye aliyenyoosha mkono akachomoa waya kwanza.

Hata picha zikatoka, zikiwa na joto, zinanata, mboni mbili nyeusi katika kila moja. Sephora akazishika kwenye kingo, akapanda pikipiki, na Eddy Kabamba akaondoka. Mpandisho ule haujasahaulika na mashimo ya barabara ile. Akapita kushoto kwa mkokoteni wa mkaa, akapita kulia kwa mbuzi, akapita katikati ya wanakwaya waliokuwa wakivuka wakiimba, nao wakaendelea kuimba, ila kwa sauti ya juu zaidi. Sephora alizipeperusha picha zikauke kwa upepo wa njia. Kichwani hakuwaza juu ya chuo. Aliwaza kama Dan atakumbuka sabuni.

Mlinzi wa geti alikuwa amekwisha kushika komeo. Kule ndani, Mama Émilienne alikuwa amesimama, pazia la dirisha mkononi, mkono wa pili ukimaliza karanga zilizobaki kwenye gazeti.

“Mama Émilienne!” Sephora akafika akihema, vumbi jekundu mpaka kwenye nywele. “Photo.”

Mlinda lango akaipokea kwa ncha za vidole. Akabadilisha miwani. Akaitazama, nayo picha ikamtazama. Kitu cha ajabu kikatokea: Mama Émilienne, ambaye miaka mingi alikuwa hajaogopa mtu isipokuwa recteur na Bwana, akanyoosha mgongo, akazisukuma karanga chini ya meza, akafuta midomo.

“Samahani,” akasema, pasipo kujua anamwambia nani. Kisha akajikohoza. Akahakikisha nyuma: nyekundu. Masikio: nje. Mdomo: umefungwa. Akayakazia macho yale kwa muda, kisha akayakwepa. “Hawa batoto bako darasani,” akauliza, “banapiga makelele?”

“Wakati wameelewa kitu, ndiyo.”

Mama Émilienne akachukua gundi. Akapaka kwa uangalifu, akabandika, akabonyeza kwa gumba. Kona moja ikainuka. Akaibonyeza tena, akaishikilia hapo, na kwa mkono mwingine akauinua muhuri mkubwa wa chuo na kuushusha kwa kishindo kilichorindima mpaka kwenye korido.

“Jumatatu masomo inaanza, salle ya chini, upande wa chapelle. Usichelewe, madame,” akasema, akavuta pazia.

Sephora akatoka nje. Alikuwa ameandaa moyoni hotuba ya washindi, ndefu, yenye kuwataja karani wa komini, Mchungaji, jua na malori yote. Eddy alimngoja getini, pikipiki katikati ya miguu, uso umemwiva kwa hofu.

“Alors?”

“Wamepokea,” akasema, na hotuba ikaishia hapo.

Naye Eddy akabonyeza honi, akaishikilia. Wauza mikate wakageuka, mlinzi akapiga saluti, na mbwa wa kilima kizima wakaitikia. Basi na iandikwe kando ya habari za ngome zilizovunjwa na mito iliyovukwa, tena kwa herufi zilezile kubwa: ya kwamba mchana mmoja, mjini Likasi, Sephora Mbombo aliingizwa katika orodha ya watakaokuwa walimu, akiwa macho, na wote walioiona picha yake wakakaa wima.